Akiba ya Nyumba: Uwekevu katika Historia ya Ufipa na Bonde la Rukwa

Tunapotaja akiba siku hizi, mawazo ya wengi hukimbilia fedha. Mara huonekana mbele yetu kitabu cha benki, kibubu cha mtoto, au noti zilizokunjwa na kufungwa katika pindo la kanga. Lakini fedha ni mgeni wa juzi katika nyumba nyingi za nchi yetu, hali uwekevu ni mwenyeji wa siku nyingi. Wazee wetu walijua kuweka kabla ya kuwa na sarafu ya kuhesabu. Katika insha hii tunakusudia kuutazama uwekevu huo wa nyumbani jinsi ulivyoishi na kubadilika katika Ufipa, na hasa kwa kusimama Mtowisa, katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukuta wa milima uitwao Lyamba lya Mfipa. Tunataka kujua watu walikuwa wakiweka nini, waliweka kwa njia gani, na ni kitu gani kilichowaponyoka walipoanza kuipima akiba yao kwa fedha peke yake.

Yafaa kwanza tuijue nchi yenyewe. Ufipa ni uwanda wa juu ulio kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga upo juu ya uwanda huo, mahali penye baridi na upepo, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mtowisa ipo chini, bondeni, ambako ziwa lenyewe liko kwenye kimo cha mita 800 hivi. Mtu ashukaye kutoka Sumbawanga kwenda Mtowisa hubadili hewa, udongo na chakula katika safari moja. Juu ni nchi ya ulezi, maharage na mahindi. Chini ni nchi ya joto, ya mpunga, mahindi na samaki. Tena Ziwa Rukwa halina mto unaotoka, maji yake yana magadi, na kina chake ni kifupi. Mvua zikizidi, maji hupanda na kumeza mashamba na malisho. Zikipungua, ziwa hunywea na kuacha mbuga tupu. Nchi ya namna hii humfundisha mkaaji wake asile leo chote alichokipata leo.

Ushahidi wa mafunzo hayo ni wa kale sana. Kusini ya ziwa, mahali paitwapo Ivuna, wataalamu wa mambo ya kale wamechimbua mabaki ya kazi ya chumvi iliyokuwa ikifanyika tangu karne ya 13. Watu walichukua maji ya chumvi, wakayachemsha, wakapata kitu ambacho kilikuwa kiungo cha chakula, dawa ya kuhifadhi samaki na nyama, na pia bidhaa ya kubadilishana na majirani. Chumvi ni akiba kwa maana mbili: yenyewe hukaa bila kuharibika, na huvifanya vitu vingine vikae.

Juu ya uwanda, uwekevu ulianzia kwenye udongo. Majirani wa Wafipa upande wa kusini walikuwa wakikata matawi ya miti, wakiyarundika na kuyachoma ili majivu yawe mbolea ya ulezi. Njia hiyo yahitaji msitu mwingi, na uwanda wa Ufipa una nyasi nyingi kuliko miti. Wafipa wakabuni njia yao, nayo ni ile ya matuta ya mviringo yajulikanayo kwa jina la ntumba. Mvua zinapokaribia kwisha, mkulima hukata mabonge ya udongo pamoja na nyasi zake, akayapanga kwa kuzielekeza nyasi ndani, kisha akafunika kwa udongo. Nyasi huoza humo. Msimu unaofuata matuta hupasuliwa, udongo ukasambazwa, na ulezi ukapandwa juu ya mbolea iliyotengenezwa na jani ambalo mtu mwingine angelichoma moto. Hapakuwa na kitu kilichonunuliwa. Jembe na mgongo wa mkulima ndivyo vilivyotumika.

Wageni waliopita Ufipa katika karne ya 19 waliliona jambo hili. Mskoti Joseph Thomson, aliyefika huku mwaka 1880 na kuliona Ziwa Rukwa, aliwaeleza Wafipa kuwa ni watu wa kilimo kupita makabila yote aliyowahi kuyaona. David Livingstone, aliyepita kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1872, alitazama mashamba ya pamba na kuandika kwamba mipamba iliachwa isimame mwaka mzima ili iwe mikubwa, na kati yake ikapandwa nafaka na karanga. Twaona basi kwamba shamba moja lilitoa nguo na chakula kwa palizi moja. Huo ndio uwekevu wa kwanza tunaotaka msomaji autie moyoni: kuweka nguvu, ili jasho moja lilipe mara mbili.

Kutoka shambani twende ghalani. Ulezi una sifa ambayo nafaka nyingi hazina: punje zake ni ndogo na ngumu, wadudu hawazipendi, na ukianikwa vizuri huweza kukaa miaka kadhaa bila kubunguliwa. Kwa sababu hiyo kihenge cha ulezi kilikuwa ndiyo benki ya nyumba. Lakini benki hiyo haikuwa ya kufungia tu. Sehemu ya nafaka ilikuwa mbegu, nayo haikuguswa hata njaa ilipobisha hodi. Sehemu ilikuwa chakula. Na sehemu nyingine ilipikwa pombe ya kuwaalika majirani waje kulima. Jirani alikuja na jembe lake, akalima, akanywa, akaenda. Nawe siku yake ukaenda kwake. Kwa njia hiyo nafaka ya mwaka uliopita iligeuka kuwa shamba la mwaka unaokuja. Wachumi wa leo wangeyaita hayo mtaji, na hawangekosea.

Faida ya kihenge ilionekana zaidi nyakati za msiba. Mbuga za Rukwa ni mojawapo ya mahali ambapo nzige wekundu huzaliana, na baa kubwa la nzige hao lililoanza mwaka 1930 hivi liliendelea mpaka mwaka 1944, likaenea sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa Afrika. Nzige hula jani na suke. Hawali kilichomo kihengeni, wala hawali mzizi ulio chini ya ardhi. Ndiyo maana serikali ya kikoloni ilishikilia watu wapande muhogo, na ndiyo maana nyumba iliyokuwa na ulezi wa mwaka wa jana ilimcheka nzige, hali jirani yake alimlilia.

Sasa tuingie jikoni, ambako uwekevu hufanyika kila siku bila kutangazwa. Hapa Mtowisa haitofautiani sana na vijiji vingine vya nchi yetu. Kaa la moto hufunikwa majivu usiku ili asubuhi moto uamshwe bila kiberiti. Na nyumba ambayo moto wake umezimika humtuma mtoto kwa jirani na kigae. Majivu yenyewe hayatupwi: hulainisha mboga, husugua sufuria, na huchanganywa na mbegu za maharage ili zisibunguliwe. Majani ya kunde na maboga huanikwa wakati wa masika ili yaliwe kiangazi. Samaki wa ziwani hukaushwa juani au kwa moshi. Kibuyu kikipasuka hushonwa; kisiposhoneka hukatwa kikawa kata ya kuchotea maji. Kanga mpya huenda harusini; ikichuja huvaliwa shambani; ikilegea huwa mbeleko; ikichanika huwa nepi, kisha tambara la kushikia chungu. Hatuwezi kusema imeisha mpaka imekuwa jivu.

Ni rahisi kuyasifu mambo haya, na wengi wameyasifu. Lakini hatuna budi kuuliza swali ambalo sifa hulificha: ni nani aliyelipa gharama ya uwekevu huo? Mara nyingi ni mwanamke. Aliyeokoa mafuta ya taa alitwanga kwa mwanga wa mwezi baada ya kutoka shamba. Aliyeokoa senti za mashine ya kusaga alisaga kwa jiwe, akipiga magoti. Aliyeokoa nauli alipanda Lyamba lya Mfipa kwa miguu na mzigo kichwani. Mume akisema jioni kwamba siku ile nyumba haikutumia hata senti, alisema kweli upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa umetumika mgongo wa mkewe. Uwekevu usiohesabu jasho ni hesabu iliyokatwa nusu. Jambo hili litatusaidia kuelewa kilichotokea fedha zilipoingia.

Kabla ya ukoloni watu wa Ufipa na bonde la Rukwa walijitosheleza kwa vitu viwili vilivyo vikubwa katika nyumba yoyote: chuma na nguo. Chuma kiliyeyushwa katika matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, mengine yakipita kimo cha mita tatu. Tanuri hilo halikuhitaji watu wa kuvukuta. Lilivuta hewa lenyewe kwa matundu ya chini. Tena halikuvunjwa baada ya kazi moja, bali lilikarabatiwa na kutumiwa tena. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa mara ya pili katika tanuri dogo lenye mivuo, kisha kikafuliwa kuwa jembe. Jembe likilika, mhunzi alilifua tena likawa zana ndogo zaidi, kwa maana chuma kilichotolewa kwa jasho kama lile hakikuachwa kiozee kichakani. Baadhi ya matanuri hayo yangali yamesimama Ufipa hadi leo, na wataalamu wetu, kama Profesa Bertram Mapunda, wameyachunguza na kuyaandikia.

Nguo nazo zilifumwa kwa pamba ya hapa hapa. Uzi ulisokotwa kwa mkono kwa pia, ukatandazwa kwenye kitanda cha mfumi kilichowekwa chini, na nguo ikafumwa pole pole kwa siku nyingi. Ilikuwa nzito na yenye kudumu. Ufundi huu ulijulikana sana bondeni Rukwa, nako ndiko Mtowisa ilipo.

Je, kwa nini ulikufa? Jibu la haraka ni kwamba nguo za viwanda vya Ulaya na Marekani ziliuua kwa urahisi wa bei. Jibu hilo lina kweli, lakini halijakamilika. Mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya kibanda ya rupia 3 kwa mwaka. Kihenge kilichojaa ulezi hakikutosha tena kumfanya mtu awe salama. Ilimlazimu apate sarafu. Ufipa ilikuwa mbali na reli na mbali na bandari, na mazao yake hayakuweza kulipia safari ya kwenda sokoni. Basi kilichouzwa kikawa ni nguvu za watu. Vijana walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, na tangu miaka ya 1920 wengine walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, ng'ambo ya mashariki ya Rukwa. Walirudi na fedha ya kodi, na mara nyingi na kipande cha nguo ya dukani.

Tuwe waadilifu katika kuhukumu. Kijana aliyenunua shuka la amerikani hakuwa mjinga wala mvivu. Kwa mshahara wa siku chache alipata nguo ambayo kuifuma kungemchukua siku nyingi zaidi. Akipima hivyo, alikuwa mwekevu kweli. Lakini kipimo chake hakikuingiza miaka aliyokuwa hayupo nyumbani, matuta ya ntumba ambayo mke wake aliyalima peke yake, wala ufundi ambao hakuwahi kuketi kando ya baba yake na kujifunza. Kila nyumba iliokoa kidogo, na nchi nzima ikapoteza kiwanda. Majembe ya kigeni yalipoenea, moto wa malungu nao ukazimika kwa njia hiyo hiyo. Methali husema bandu bandu huisha gogo. Hapa gogo liliisha huku kila abanduaye akidhani anapata faida.

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, nchi ilichukua neno kujitegemea kuwa sera. Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, wakati watu walipokuwa wakihamishiwa katika vijiji. Kampeni za redio na vikundi vya kusoma, kama Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, zilifundisha mambo ya choo, maji na lishe kwa kutumia vitu vilivyopo nyumbani. Shirika la Usagishaji la Taifa lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, na kwa sababu hiyo umbali haukumwadhibu tena mkulima wa Rukwa. Mkoa ukaingia katika mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Mahindi yakachukua nafasi ya ulezi shambani, na baadaye kihengeni.

Kisha ikaja miaka ya shida. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta na ukame viliikausha nchi fedha za kigeni. Sabuni, sukari, nguo na mafuta ya taa viliadimika hata mijini, sembuse mahali palipo mwisho wa barabara. Wakati huo tabia za zamani zilirudi kama mtu aliyeitwa kwa jina. Kopo tupu likawa koroboi. Tairi bovu likawa makatambuga. Kiraka kikawekwa juu ya kiraka, wala hakuna aliyemcheka mwenzake. Lakini miaka hiyo ilifundisha pia mpaka ulio kati ya kuweka na kuficha. Mwaka 1983 Serikali iliendesha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na ikatunga sheria kwa ajili hiyo. Gunia la sukari kwa mwenye nyumba aliyenunua ili watoto wake wale mwaka mzima, na gunia hilo hilo kwa mlanguzi aliyengoja bei ipande, yana uzito mmoja katika mizani. Tofauti yao ni kwamba la kwanza huwekwa kwa ajili ya kuliwa, na la pili huwekwa kwa sababu wengine hawana cha kula. Desturi za Ufipa, ambazo zilitarajia kihenge cha mwenye nacho kiwafae majirani walimapo pamoja, zilikuwa zimekwisha kuweka mpaka huo bila ya mahakama.

Adui mwingine wa akiba alikuwa mdogo kuliko mlanguzi. Miaka ya 1980 ilipoanza aligunduliwa Tabora mdudu wa mahindi aliyetoka Amerika, ambaye watu walimwita dumuzi, na wengine wakamwita Skania kwa jinsi alivyosaga kwa kasi. Kwa desturi, mahindi yalihifadhiwa yakiwa katika magunzi na maganda yake, na kwa wadudu wa zamani ilikuwa njia nzuri, kwa maana ganda lilikuwa kinga. Dumuzi alipenda hasa mahindi yaliyo katika gunzi. Njia iliyokuwa ya hekima kwa baba ikawa hasara kwa mwana. Wakulima walishauriwa wapukuchue, wachanganye na dawa, kisha waweke. Wahenga walisema akiba haiozi. Dumuzi alituonyesha kwamba isipotazamwa yaweza kuwa unga. Tunajifunza hapa kwamba desturi ya kuweka ni jambo moja, na namna ya kuweka ni jingine. Ya kwanza twaweza kuirithi. Ya pili hatuna budi kuichunguza kila kizazi.

Mabadiliko ya uchumi yaliyoanza mwaka 1986 yaliondoa bei moja ya nchi nzima, na baadaye ruzuku ya mbolea. Umbali ukarudi kuwa adui, na mkulima wa bondeni akajikuta akiuza mahindi kwa bei ya chini wakati wa mavuno ili alipe ada na deni, kisha akinunua yale yale kwa bei ya juu miezi michache baadaye. Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika nyumba ya mkulima, na haiponywi kwa kuzima koroboi mapema. Dawa yake ni kihenge kilicho salama pamoja na fedha kidogo ya kuvukia miezi ile ya mavuno, ili mtu asilazimike kuuza. Mifuko isiyopitisha hewa, ambayo huwaua wadudu kwa kuwanyima pumzi bila ya dawa, imeirudishia nyumba uwezo wa kungoja. Vikundi vya kuweka na kukopa, vyenye sanduku la kufuli tatu na funguo zake kwa watu watatu mbalimbali, vimetoa ile fedha kidogo. Na sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 imevitambua. Tukivitazama vizuri, vikundi hivi si vigeni kama vinavyoonekana. Kuketi pamoja, kila mtu akitoa zamu yake na kupokea zamu yake, ni ndugu wa ile pombe ya ulezi iliyowaita majirani kulima. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna daftari, na mali bila daftari huisha bila habari.

Kutokana na historia hii, twaona kwamba uwekevu wa Ufipa haukuwa uchoyo, wala haukuwa jina jingine la umaskini. Mchoyo hujinyima na kuwanyima wengine. Mwekevu hujizuia leo ili kesho awe na cha kutoa. Maskini hulala bila taa kwa kuwa hana mafuta. Mwekevu huizima kwa kuwa amekwisha kusoma. Lakini pia twaona kwamba nyumba yaweza kuwa na uwekevu mwingi na bado isiendelee, ikiwa inaokoa senti na kupoteza watu, au ikiwa akiba yote inatoka katika mgongo wa mtu mmoja.

Kwa hiyo tunapowafundisha watoto wetu kuweka akiba, tusiwafundishe kibubu peke yake. Shule za Mtowisa na za uwanda wa juu zina walimu ambao hawajaandikwa katika daftari lolote la mahudhurio: bibi anayejua ni mbegu ipi ya ulezi inayokaa muda mrefu, mzee anayejua udongo upi ulijengewa tanuri, mama anayejua samaki akaushwe siku ngapi kabla ya kufungwa kikapuni. Wanafunzi watumwe kwao na kalamu, wawaulize pia ni nani aliyekuwa akiifanya kazi hiyo na kwa saa ngapi, kisha wayaandike yote mawili.